Korneti ya Shaba: Umbo Lake, Sehemu Zake na Namna ya Kuifasili kwa Kiswahili

UTANGULIZI

Msomaji wa Kiswahili akikutana na neno tarumbeta hawezi kujua kwa hakika ni ala gani inayozungumzwa. Huenda ikawa ni buruji ya askari, isiyo na kitu cha kubonyeza. Huenda likawa ni tarumbeta hasa, lile refu jembamba la okestra. Tena huenda ikawa ni ile ala fupi iliyokunjamana ambayo watu wa Ulaya huiita korneti. Katika mazungumzo ya kawaida umoja huu wa jina haudhuru. Mtoto anayeifuata bendi barabarani hana haja ya kuzipambanua ala hizi, wala anayemsimulia hana.

Lakini kuna watu watatu ambao umoja huo unawadhuru: mfasiri, mtunga kamusi, na mwandishi wa maelezo ya vitu vilivyohifadhiwa katika makumbusho. Bendi ya shaba ya Kiingereza iliyokamilika, kwa mfano, ina wapigaji korneti kumi, yaani tisa wa korneti za B flati na mmoja wa korneti ndogo ya E flati, wala haina tarumbeta hata moja. Mfasiri akiandika kwamba bendi hiyo ina "matarumbeta kumi", atakuwa amesema kinyume cha ukweli, na msomaji wake hatakuwa na njia ya kulitambua kosa hilo. Vivyo hivyo, anayesimulia maisha ya Louis Armstrong (1901-1971) hana budi kueleza kwamba mwanamuziki huyo alijifunza korneti huko New Orleans, na kwamba aliiacha na kushika tarumbeta katikati ya miaka ya 1920. Lugha yenye jina moja tu kwa ala zote mbili haiwezi kuisimulia habari hiyo. Itakuwa kana kwamba Armstrong aliacha tarumbeta akashika tarumbeta.

Makala haya yanakusudia kuieleza korneti ya kale ya shaba, hasa ile iliyotengenezwa London na kiwanda cha Besson mwishoni mwa karne ya 19, sehemu baada ya sehemu, na kuonyesha kwamba Kiswahili kina maneno ya kutosha kuifafanua. Yanakusudia pia kutetea hoja moja, nayo ni kwamba korneti ni ya jamii ya pembe, kwa hivyo fasili yake katika kamusi haifai kuanzia kwenye tarumbeta.

UKOO WA PEMBE

Ala zote zinazohusika hapa hulizwa kwa njia moja. Mpulizaji hubana midomo yake, akasukuma pumzi, midomo ikatetemeka, na mtetemo huo ukaitikisa hewa iliyomo ndani ya ala. Hapo ndipo zinapotengana na zumari, ambayo mtetemo wake hutoka katika ulimi mwembamba uliotiwa kwenye ncha ya ala yenyewe.

Kiswahili hakikungoja bendi za Ulaya ili kupata majina ya ala za namna hii. Kina pembe, kina panda, kina baragumu, na msomaji wa Biblia anaijua parapanda. Juu ya hizo zote kuna siwa, ala ya enzi ya miji ya pwani. Siwa ya Pate ni ya pembe za ndovu, na siwa ya Lamu ni ya shaba. Zote mbili hupulizwa kwa tundu lililo ubavuni. Neno tarumbeta lenyewe ni mgeni kati ya majina haya, kwani asili yake ni trombeta ya Kireno.

Majina hayo ya zamani yana jambo moja linalostahili kuangaliwa. Ala zinazotajwa nayo zimechukua umbo la pembe ya mnyama au la pembe ya ndovu, ambalo huanza jembamba na kupanuka polepole mpaka mwisho. Hata siwa ya Lamu, ambayo ni ya madini na ingeweza kupewa umbo lolote, imefuata umbo hilo. Kwa maneno ya hesabati, uwazi wa ndani ya ala hizi ni wa pia, si wa mcheduara. Tofauti hii ya pia na mcheduara ndiyo ufunguo wa kuielewa korneti.

KORNETI ILIVYOZUKA

Jina korneti, kwa asili yake ya Kifaransa na Kilatini, maana yake ni "pembe ndogo". Ala yenyewe ilitokana na pembe ya posta, ile iliyopulizwa na waendesha magari ya farasi ya barua ili kutangaza kuwasili kwao. Pembe hiyo iliviringishwa kwa duara, nayo haikuwa na uwezo wa kutoa ila sauti chache za asili.

Mabadiliko makubwa yalitoka Ujerumani. Mwaka wa 1818, Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel walipewa hataza mjini Berlin kwa ajili ya kilango, yaani chombo cha kufungua na kufunga njia ya hewa ndani ya ala ya shaba. Kabla ya miaka ya 1820 kwisha, mafundi wa Paris walikuwa wamevitia vilango vya namna hiyo kwenye pembe ya posta, na korneti ikazaliwa. Mnamo mwaka wa 1839, François Périnet, fundi wa huko huko Paris, akabuni kilango bora zaidi ambacho njia zake za hewa hazikuwa na kona kali kama za kile cha Stölzel. Pistoni zinazotumiwa katika korneti hadi leo ni za ukoo wa Périnet.

Aliyeipandisha cheo ala hii kwa upande wa upigaji ni Jean-Baptiste Arban (1825-1889), ambaye kitabu chake kikubwa cha mafunzo kilitoka mwaka wa 1864, nacho kingali kinatumiwa na wanafunzi wa korneti na wa tarumbeta pia. Kwa upande wa ufundi, Gustave Auguste Besson (1820-1874) alihamishia kazi yake kutoka Paris hadi London katika miaka ya 1850. Yeye alisisitiza kwamba kila sehemu ya ala ifuatishwe kwenye kalibu za chuma zilizopimwa, ili nakala ya mia iwe sawa na ya kwanza. Korneti za kiwanda chake zilichorwa neno "Prototype" kinywani, pamoja na anwani ya 198 Euston Road, London. Maandishi hayo, pamoja na nambari ya ala iliyogongwa kwenye kasha la kilango, ndiyo humsaidia mchunguzi kukisia umri wake.

SEHEMU ZA KORNETI

Inafaa kuifuata njia ya hewa, tangu inapoingia mpaka inapotoka, na kuipa kila sehemu jina kwa kazi yake.

(a) Kipulizio. Hiki ndicho kinachoguswa na midomo, nacho huchomolewa. Ndani yake mna kikombe kinachoishia kwenye tundu jembamba. Kikombe cha tarumbeta ni kifupi na chenye kitako cha mviringo, mfano wa bakuli. Cha korneti ni chenye kina, na hushuka kwa mteremko kama faneli. Kina hicho hupunguza ukali wa sauti. Kijiti cha kipulizio cha korneti pia ni chembamba kuliko cha tarumbeta, hivyo kipulizio cha moja hakikai sawasawa katika nyingine.

(b) Kiungo. Korneti za kale aghalabu zilikuja na viungo viwili katika sanduku lake. Kilicho kifupi kiliiweka ala katika B flati, na kirefu kikaishusha kwa nusu toni hadi A. Mpigaji alichagua kiungo kulingana na ufunguo wa muziki uliokuwa mbele yake. Korneti iliyopatikana pamoja na viungo vyake vyote ni ushahidi mzuri wa desturi ambayo imekwisha, kwani wapigaji wa baadaye walizoea kutumia B flati peke yake.

(c) Mrija mkuu na kitelezo. Mrija wa korneti ya B flati, ukinyoshwa, una urefu wa takriban mita 1.4. Urefu wa tarumbeta la B flati ni karibu sawa na huo, na ala hizi mbili hutoa sauti za kimo kimoja. Kwa hivyo si kweli kwamba korneti ni "tarumbeta dogo". Ni mrija wa urefu ule ule uliokunjwa mara nyingi zaidi. Mahali fulani katika mkunjo huo kuna kitelezo, yaani kipande cha mrija kinachovutwa au kusukumwa ili kuirefusha au kuifupisha ala, na hivyo kuilinganisha na ala nyingine.

(d) Vilango. Korneti ina vilango vitatu vilivyosimama sambamba. Kila kilango kina kasha, na ndani ya kasha mna pistoni yenye matundu, iliyokalia kamani. Pistoni ikiwa juu, hewa hupita moja kwa moja. Ikibonyezwa, matundu yake huielekeza hewa izunguke kwanza katika mrija wa ziada, kisha irudi njiani. Kidole kikiondolewa, kamani huirudisha pistoni mahali pake. Neno kilango linastahili kupendelewa hapa kwa sababu linataja kazi, yaani kufungua na kufunga njia, hali neno pistoni linataja kipande kimoja tu cha chombo hicho.

(e) Kilango cha mate. Pumzi ya mpulizaji hugeuka maji inapogusa shaba baridi. Maji hayo hutolewa kwa kitundu kidogo chenye kifuniko na kamani yake, sehemu ya chini ya mkunjo.

(f) Mkunjo wa bakora. Baada ya kupita vilangoni, mrija wa korneti nyingi za Kiingereza hupinda kwa duara pana, mfano wa mkono wa bakora, kabla ya kuelekea mbele. Pindo hilo ndilo linalomwezesha mtu kuitambua korneti kwa macho akiwa mbali, ingawa si korneti zote zilizo nalo.

(g) Kinywa. Huu ni mwisho wa ala, unaopanuka hadi kipenyo cha karibu sentimita 12. Lugha kadhaa za Ulaya huifananisha sehemu hii na kengele. Hakuna haja ya Kiswahili kufuata mfano huo. Chombo kinachotoa sauti na kupanuka mwishoni kina kinywa, na jina hilo linatosha.

Mtu akizitazama sehemu hizi zote pamoja, ataona kwamba mrija wa korneti hupanuka katika sehemu kubwa ya safari yake, isipokuwa mahali pa vilango na vitelezo, ambapo hauna budi kuwa na upana mmoja. Tarumbeta ni kinyume chake, kwani sehemu kubwa ya mrija wake ina upana mmoja, na upanuzi mwingi hufanyika karibu na kinywa. Kwa sababu hiyo, pamoja na kina cha kikombe, sauti ya korneti ni nene na pole, na ya tarumbeta ni kali na yenye kupenya.

HESABU YA VILANGO NA ILA YAKE

Mrija usio na vilango hutoa sauti za ngazi ya asili tu, zenye mapengo makubwa kati yake, hasa upande wa chini. Kazi ya vilango ni kuyajaza mapengo hayo. Kilango cha pili hushusha sauti kwa nusu toni, cha kwanza kwa toni nzima, na cha tatu kwa toni moja na nusu. Kwa kuvichanganya, mpigaji hupata urefu wa aina saba, ukihesabiwa ule usiobonyezwa chochote, na kwa urefu huo saba hupatikana ngazi yote ya nusu toni.

Hata hivyo, hesabu yake ina ila ambayo mafundi wa karne ya 19 walihangaika nayo sana. Kwa mrija wa mita 1.4, kushuka nusu toni kunahitaji nyongeza ya karibu sentimita 8.3, toni nzima sentimita 17.1, na toni moja na nusu sentimita 26.5. Vilango vyote vitatu vikibonyezwa pamoja, nyongeza yake huwa kama sentimita 52. Lakini kushuka kwa toni tatu kamili kunahitaji sentimita 58. Zimepungua sentimita 6, na sauti inayotoka huwa juu kuliko inavyopasa. Sababu yake si uzembe wa fundi. Nyongeza inayohitajika huhesabiwa kwa sehemu ya urefu uliopo, na kilango cha kwanza kikishabonyezwa, mrija umekwisha kuwa mrefu zaidi, kwa hiyo nyongeza ya kilango kinachofuata haimtoshi tena. Mnamo mwaka wa 1874, David Blaikley wa kiwanda cha Boosey, London, alivumbua mpango wa mirija midogo ya kufidia upungufu huo, nao ukastawi zaidi katika ala kubwa. Mpigaji wa korneti ya kawaida aliachiwa kazi ya kuisahihisha sauti kwa midomo yake mwenyewe.

KIMO CHA SAUTI

Anayeokota korneti ya Kiingereza ya karne ya 19 na kuipiga pamoja na piano ya leo atashangaa kuona kwamba haziafikiani. Sababu ni kwamba kimo cha sauti kilichotumiwa Uingereza wakati huo kilikuwa cha juu. Sauti ya A ilihesabiwa mitetemo ya karibu 452 kwa sekunde, ambapo mkutano uliofanyika London mwaka wa 1939 ulikubaliana juu ya 440. Tofauti hiyo ni karibu robo ya toni. Bendi za shaba za Uingereza ziliendelea na kimo hicho cha juu hadi miaka ya 1960, kwa sababu ya gharama ya kubadilisha ala zote kwa mara moja.

Dawa yake ni kuirefusha ala. Mrija unahitaji kuongezwa karibu sentimita 4, na kwa kuwa kitelezo kina miguu miwili, kukivuta sentimita 2 kunatosha. Lakini vitelezo vya vilango navyo havina budi kuvutwa kidogo kwa kadiri yake, la sivyo ala itaafikiana na piano katika sauti moja na kuikosea katika nyingine.

SHABA NA KAZI YA FUNDI

Neno shaba katika Kiswahili hubeba madini zaidi ya moja. Shaba nyekundu ni ile iliyo safi. Shaba ya manjano ni mchanganyiko, aghalabu wa sehemu 7 za shaba nyekundu kwa 3 za zinki, na hii ndiyo ya korneti. Ala nyingi za thamani zilipakwa fedha juu yake na kutiwa nakshi kinywani.

Kinywa cha korneti hukatwa katika bamba, kikakunjwa, ukingo wake ukalehemiwa, kisha kikafuliwa juu ya kalibu mpaka mshono usionekane kwa urahisi. Mirija inayopindwa hujazwa lami au risasi kwanza, ili isibonyee, na baada ya kupindwa hupashwa moto na kumwagwa kilichomo. Siwa ya Lamu, kwa upande wake, haikufuliwa bali ilisubiwa. Vitenzi hivi, kufua, kusubu na kulehemu, vilikuwamo katika lugha ya mafundi wa pwani kabla ya bendi yoyote kufika. Mwandishi anayetaka kueleza utengenezaji wa ala za shaba hana haja ya kubuni hata kimoja.

Adui mkubwa wa korneti ya kale ni kuchakaa kwa pistoni. Ziki­lika, hewa hupenya kando yake na sauti hudhoofika. Kipimo chake ni rahisi. Kitelezo cha kilango huvutwa polepole bila kubonyeza pistoni, kisha pistoni ikabonyezwa. Kikisikika kishindo kidogo cha hewa, kilango kingali kizima. Kikikosekana, hewa imekwisha kupata njia nyingine.

KORNETI NA AFRIKA YA MASHARIKI

Suala hili halihusu Ulaya peke yake. Ngoma ya beni, ambayo jina lake limetokana na neno la Kiingereza la bendi, ilizuka katika pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ikaenea hadi bara na kugawanyika katika vyama vya mashindano, kama Marini na Arinoti vya Tanganyika. Historia yake ilichunguzwa na Terence Ranger katika kitabu chake cha mwaka wa 1975. Baadaye Jeshi la Wokovu, lililoanza kazi Kenya mwaka wa 1921, lilileta desturi ya bendi za shaba za mtindo wa Kiingereza, ambazo korneti ndiyo nguzo yake. Wapigaji walizijua ala hizi kwa vidole na kwa midomo. Neno tarumbeta, hata hivyo, lilizifunika zote, na mtafiti anayesoma masimulizi ya Kiswahili juu ya bendi hizo hawezi kujua ni ala ipi iliyopigwa. Hapo hasara si ya istilahi tu, ni ya historia.

HITIMISHO

Mtunga kamusi ana njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni kuiita ala hii tarumbeta dogo. Njia hiyo ni potofu, kwa kuwa imekwisha kuonyeshwa kwamba urefu wa mrija ni karibu sawa na tofauti haiko katika ukubwa. Ya pili ni kulitafsiri jina lake na kuiita kipembe. Hili lina ukweli ndani yake, lakini kipembe tayari ni pembe ndogo ya mnyama, na utata mmoja ungeondolewa kwa kuleta mwingine. Ya tatu ni kulipokea neno korneti kama lilivyopokewa tarumbeta zamani, na kuufanya Uswahili wake uwe katika fasili.

Njia hii ya tatu ndiyo inayofaa zaidi, na fasili yenyewe ingeweza kuwa hivi: korneti, nomino, ni ala ya muziki ya shaba ya jamii ya pembe, yenye mrija uliokunjwa unaopanuka polepole kuelekea kinywani, vilango vitatu, na kipulizio chenye kikombe cha kina, sauti yake ni pole kuliko ya tarumbeta.

Fasili hiyo imetumia neno moja jipya, nalo ni lile linalofasiliwa. Mengine yote tayari yamo katika Kiswahili. Kwa kuanzia kwenye pembe, inairudisha korneti kwenye ukoo wake, pamoja na baragumu na siwa, ambako umbo la mrija wake linaiweka.